Shilingi Haina Senti

(Maneno niliyowaambia vijana wa programu Jumamosi mchana, Kansanga, Kampala. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeondoa kikohozi na pale umeme ulipokatika.)

Ndugu mwenyekiti, waalimu mliopo, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo. Itifaki yote imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni nisitaje majina, nisije nikamsahau mmoja akaninunia hadi mwakani.

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili, na nimefurahi. Nilizaliwa Malaba, hatua chache kutoka geti la mpaka, ambako mtoto hukipata Kiswahili kwa madereva wa malori kabla hajajua kuwa ni somo. Nilipokuja Kampala nikakuta watu wanakiogopa, wanakiona lugha ya wanajeshi na wezi. Ukitamka "habari" ndani ya taksi, abiria wa pembeni anashika mfuko wake. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini jirani yangu mmoja wa mtaa wa Ntinda bado huniuliza nilistaafu lini jeshini. Humu ndani naona Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo na Waganda wenzangu, na sioni lugha nyingine ya kutukusanya sote. Jambo moja tu: yale maagizo tunayoiandikia kompyuta nitayaita "msimbo". Najua ninyi mnasema "kodi", lakini mtu wa rika langu akisema anaandika kodi, watu watadhani ametumwa na URA, mamlaka ya mapato.

Wakati naingia, kijana mmoja amenisimamisha mlangoni. Mtanzania, nilimjua kwa shikamoo. Akaniuliza, "Mama, nijifunze lugha gani ya programu ambayo haitanifia mikononi?" Nikamwambia aingie akae, nitamjibu mbele za watu. Kusema kweli nilikuwa natafuta muda wa kufikiri, maana swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na niliyemuuliza alinijibu kwa uhakika mkubwa, na alikosea.

Nianze na makaburi. Chombo changu cha kwanza cha kazi, mwaka 2003, kilikuwa Visual Basic 6. Nilikipenda jamani. Unaburuta kitufe, unakiweka kwenye fomu, unakibonyeza mara mbili, unaandika kitakachotokea. Aprili 2008 Microsoft waliacha kukihudumia. Nikahamia programu za Java za simu ndogo, zile mlizokuwa mnachezea kwenye Nokia za baba zenu. Android ilipoenea, zikaisha. Nilijifunza Flash, ya kutengenezea katuni na michezo ya wavuti, usiku, kwa mshumaa na laptopu ya kuazima, na mwisho wa 2020 Adobe wakaizima. AngularJS, ya kujengea kurasa za wavuti, ilitoka 2010, na kuna wakati kama huijui huitwi hata kwenye usaili. Kufikia Januari 2022 Google walikuwa wamekwisha kuiacha. Hapo nimetaja zile nilizozizika kwa mkono wangu tu.

Upande wa pili nina orodha fupi. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alieleza namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na humo ndimo ilimotoka SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Niliisoma nikiwa mwanafunzi, na jana asubuhi nilikuwa nayo mezani. TCP/IP, kanuni ambazo kompyuta huzungumziana mtandaoni, ilianza rasmi kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tarehe 1 Januari 1983, na picha mnazotumiana sasa hivi badala ya kunisikiliza zinapita humo humo. Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni ya 1969. Mkifungua seva nyingi za kazi mtakuta amri zake, na wazee walioziandika kwa mara ya kwanza wangezitambua.

Mkitazama mtaona vilivyokufa vingi vilikaa juu, pale jicho la mteja linapofika. Vilivyobaki vimekaa chini, kwenye mabomba. Ila msikimbilie kuandika hilo daftarini kama sheria, kwa sababu mmoja wa marehemu wangu amenitoka kaburini, nitawasimulia baadaye.

Programu yangu ya kwanza ya kulipwa niliiandika kwa ajili ya duka la jumla pale Kikuubo, katikati ya Kampala. Anayeijua Kikuubo anajua: uchochoro ambao wachukuzi wanapita na maboksi kichwani, na wewe usipojibanza ukutani unabebwa nayo. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiganda, mpole, anayeandika kila kitu kwenye kaunta-buku. Nikamtengenezea mfumo wa mauzo, hifadhidata yake ikiwa Access ya Microsoft. Mwaka wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda. Ukaja mgao wa umeme wa 2005 na 2006, wakati Ziwa Victoria lilipopungua maji na mabwawa ya Jinja yakashindwa kuzalisha. Umeme ukawa unakatika katikati ya mauzo. Mzee akanipigia: "Nnyabo, kompyuta yako inakula sabuni."

Nikaenda. Kweli, ilikuwa inakula sabuni. Msimbo wangu ulipunguza mali ghalani kwanza, halafu ndipo ulipoandika malipo. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo mbili, sabuni imetoka kwenye hesabu na pesa haijaingia. Nilikaa kwenye gunia la sukari nikisoma msaada wa programu hadi nikakutana na neno BeginTrans. Ukilitumia, hatua zako zote zinafungwa fundo moja: zinafanikiwa zote, au hakuna hata moja iliyotokea. Wanasayansi wa kompyuta walikuwa wanalijua jambo hilo tangu miaka ya 1970, Jim Gray akapewa tuzo ya Turing kwa kazi hiyo mwaka 1998, na mimi nililijulia juu ya gunia la sukari miaka saba baadaye.

Neno lenyewe BeginTrans sijaliandika kwa miaka mingi. Lakini pesa za simu zilipoingia Uganda mwaka 2009, na mimi nikaitwa kwenye kazi za kuunganisha maduka na malipo hayo, nilikutana na sabuni ile ile. Mteja anabonyeza kulipa, mtandao unayumba, jibu halirudi. Anafanya nini? Anabonyeza tena. Sisi sote tunabonyeza tena. Kama hukuupa kila muamala namba yake ya kudumu, ili ombi la pili likija seva ijue ni lile lile la kwanza, umemtoza mtu mara mbili. Wenzangu waliotoka kwenye vyuo vizuri kuliko mimi walishangaa nimejuaje. Nilikuwa nimeliwa sabuni.

Kijana wa shikamoo, bado upo? Vizuri.

Ninaye mjomba fundi wa magari Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala. Alianza na Peugeot 504, gari la kabureta, ambalo akifungua boneti anaona kila kitu kwa macho. Zikaja Toyota za sindano za petroli zinazoendeshwa na kompyuta, na mafundi wengi wa rika lake wakasema hayo si magari, wakaanza kuuza vipuri. Yeye alikusanya pesa akanunua kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma makosa. Siku moja nilikuwa pale, gari linatetema likiwa limesimama, na kifaa kikaandika P0171. Maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Kijana wake wa kazi, mwepesi kama ninyi, akatafuta kwenye simu, akasema: sensa ya oksijeni imekufa, tununue nyingine. Mjomba akamwambia zima redio ya jirani. Akainamisha sikio kwenye injini akakaa kimya. Kisha akaweka kidole kwenye mpira mwembamba wa hewa nyuma ya injini, mngurumo ukatulia. Mpira ulikuwa na ufa. Akasema ulikuwa unavuta hewa "kama mtu anayekunywa chai ya moto".

Sensa ilikuwa nzima, na ilisema kweli: hewa imezidi. Ila haikusema inaingilia wapi. Kijana alikuwa na jibu la kifaa, mjomba alikuwa na picha ya injini kichwani, anajua hewa inaingia wapi, inapita wapi, inakutana na petroli wapi. Picha hiyo aliichora enzi za kabureta. Kifaa alikinunua ukubwani na bado alikitumia vizuri kuliko aliyezaliwa nacho. Ninapoona mtu anakopi ujumbe wa kosa, anaubandika mahali, anabandika jibu kwenye msimbo, linagoma, anarudia, nasikia redio ya jirani.

Sasa niwaambie kosa langu mimi, maana wasemaji wa mikutano hii husimulia ushindi mtupu. Nilikuwa na zaidi ya miaka kumi na miwili kazini, cheo kizuri, timu chini yangu, katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mfumo wetu ulianzia Nairobi ukaletwa huku, na kazi yake moja ilikuwa kuwalipa wakulima wa kahawa kwa simu. Mfumo wa Kenya ulitunza pesa zote kwa senti, jambo zuri kabisa: huchezi na desimali kwenye pesa. Shilingi elfu moja inaandikwa laki moja, na mwishoni, wakati wa kutuma, unagawa kwa mia.

Kwenye kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, shilingi ya Kenya ina nafasi mbili za desimali. Ya Tanzania nayo ina mbili. Ya Uganda haina. Sifuri. Wote tunasema "shilingi", kumbe kwa kompyuta ni vitu viwili. Maktaba ya msimbo tuliyoitumia upande wa kuingiza pesa ililijua hilo, ikawa haizidishi kwa mia ikiona ni pesa ya Uganda. Upande wa kutuma uliandikwa kwa mkono Nairobi, ukawa unagawa kwa mia bila kuuliza. Kijana wangu aliuunganisha, majaribio yote yakapita, kwa sababu majaribio nayo yalikuwa ya pesa za Kenya. Mimi niliusoma msimbo wake na kuupitisha. Jina langu lipo pale.

Mkulima wa laki moja na elfu themanini akapokea elfu moja na mia nane.

Ilikuwa Ijumaa, karibu na kufungua shule. Nilipanda basi kwenda Mbale usiku huo huo, na asubuhi nikawa nimekaa kwenye baraza la stoo ya kahawa, daftari mapajani, nikiandika majina. Wangeweza kuniimbia matusi kwa Kigisu nisielewe, lakini walikuwa na adabu, walinitukana kwa Kiswahili. Mama mmoja alinionyesha simu yake, ujumbe wa elfu moja na mia nane, akaniuliza, "Hii ni nauli yangu ya kuja kuchukua pesa, au ndiyo pesa?" Tulilipa wote hadi Jumapili. Marekebisho ya msimbo yalikuwa mstari mmoja.

Baada ya hapo, nikikaa na timu mpya, siulizi kwanza wanatumia fremuweki gani. Nauliza pesa inaingilia wapi na inatokea wapi, na namba yake inabadilikaje njiani. Na mtu akiniambia majaribio yamepita, namuuliza: kwa pesa ya nani?

Mtasema mama huyu anatukwepa, tumemuita atuambie habari za akili mnemba. Sikwepi. GitHub Copilot, msaidizi wa kuandika msimbo, ilitoka kwa majaribio 2021, ChatGPT ikaja Novemba 2022, na tangu hapo sijapita wiki bila kuulizwa kama kazi hii imekwisha. Mimi naitumia kila siku. Mambo niliyokuwa nampa kijana wa mwaka wa kwanza kwa siku mbili, naipa kabla ya chai na nayapata baada ya chai. Na hapa sitawadanganya: kijana huyo wa mwaka wa kwanza ameumia. Kazi ndogondogo alizokuwa anajifunzia zimepungua, na sisi wakubwa hatujakaa chini kufikiri atajifunzia wapi. Wenye kampuni mliopo humu, hilo ni lenu. Mkiacha kuwachukua wachanga leo, msije mkaniuliza baadaye wakongwe wameenda wapi.

Lakini nionyeshe ilipofika mwisho wake. Nina mteja mwenye duka Kabalagala, linauza usiku kucha. Kabalagala hailali, mnajua wenyewe, na wengine mmejua jana. Alitaka ripoti ya mauzo ya kila siku. Niliiomba akili mnemba iniandikie swali la SQL, ikaandika safi, na mimi nikalisoma nikaliona zuri. Wiki ya pili keshia wa zamu ya usiku akakataa kusaini. Akasema ripoti ya Ijumaa inamdai pesa ambazo hazimo kwenye droo yake.

Seva ilikuwa inatunza saa kwa UTC, saa za kimataifa, kama inavyotakiwa. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo siku ya ripoti ilikuwa inaishia saa tisa usiku, duka likiwa limejaa, muziki juu. Nikajiona mjanja, nikageuza saa ziwe za Kampala, siku ikawa inaishia saa sita ya usiku. Keshia akakataa tena. Ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikapanda bodaboda nikamwendea nikamuuliza: "Dada, siku yenu inaanza saa ngapi?" Akanitazama kama mtu asiye na saa. "Saa moja asubuhi. Tunapokabidhiana droo."

Saa moja. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili mchana unaanzia hapo hapo, bibi yangu angenijibu bila kompyuta. Hata lugha inajua kutenganisha: tunasema "usiku wa kuamkia Jumamosi", mtu asije akachanganya usiku upi. Mashine haikukosea popote katika SQL. Haikujua kuna droo, na kwamba droo inabadilisha mikono asubuhi, na haikujua kwa sababu mimi sikuiambia, na mimi sikuiambia kwa sababu sikuuliza.

Basi kijana wangu wa shikamoo, lugha chagua yoyote ambayo watu wa hapa wanakulipa kuiandika. Python, PHP, JavaScript, sina ugomvi. Itakufia mikononi, au itabadilika hadi usiitambue, na utaizika kama nilivyozika mimi. Hizo saa ulizotaka kuzipoteza kubishana ipi bora, zipeleke kwenye droo. Jua muamala ni nini. Jua jinsi ombi linavyotoka kwenye simu ya mtu hadi kwenye seva na kurudi, na kila mahali linapoweza kupotelea. Soma msimbo wa watu wengine, hasa ule mbaya, ule wa zamani ambao kila mtu anaukimbia. Mimi nimepata kazi nyingi kwa kukubali kuingia kwenye nyumba zilizohamwa kuliko kwa kujenga mpya. Kujenga kuna foleni. Kule kwa kukarabati unakuta uko peke yako na mteja anayekuombea dua.

Na ukae na ulichokiandika. Hili nalisema kwa ukali kidogo. Kuna mtindo wa kubadilisha kazi kila baada ya miezi minane, mshahara unapanda, nami siwalaumu, kodi ya nyumba Kampala naijua. Lakini mtu anayeondoka kila mara kabla programu yake haijafikisha mwaka hajawahi kuona inavyozeeka. Hajawahi kupigiwa simu kuhusu uamuzi wake mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita. Anaandika mwanzo wa hadithi tu, miaka kumi, mianzo kumi na tano.

Akina dada, neno lenu. Nilijifungua 2011. Sheria ya ajira ya 2006 inakupa siku sitini za kazi za likizo ya uzazi, mimi mtoto alikuwa mgonjwa nikakaa nje karibu mwaka. Niliporudi, vijana walikuwa wanataja majina ambayo sikuwahi kuyasikia, nikawa natikisa kichwa kikaoni kama ninayeelewa, halafu naenda kuyatafuta chooni kwa simu. Nililia mara mbili, na si ofisini. Wiki ya tatu mfumo ukagoma, wote wakakusanyika, na tatizo likawa watu wawili kuandika mstari mmoja wa jedwali kwa wakati mmoja. Sabuni ya Kikuubo imevaa nguo mpya. Nikalitatua kabla ya saa ya chakula, nikaacha kwenda chooni na simu. Majina mapya nilijifunza taratibu, moja moja, pale kazi ilipoyadai, na mengine niliyoahirisha yalikufa kabla sijayafikia.

Mengine nipite haraka, mwenyekiti anaangalia saa. Wanaofanyia kazi wateja wa nje: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini karibu siku tano. Waliokuwa na nyaraka zao na msimbo wao kwenye mashine zao waliendelea, na waliokuwa wamemwambia mteja mapema hawakumpoteza. Wekeni akiba ya miezi, si ya wiki, na sehemu yake muiweke kwenye kitu kisichohusu kompyuta. Mimi nina migomba. Mgongo: nunua kiti kabla ya simu mpya. Na usingizi wa usiku ni dawa ya makosa mengi, kwani nusu ya makosa yangu mabaya niliyaandika baada ya saa sita nikijiona shujaa.

Nilisema marehemu mmoja alitoka kaburini. Mwaka juzi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Ni mtoto wa yule mzee wa Kikuubo. Mzee ametangulia mbele za haki, mtoto ndiye anaendesha duka, na kompyuta imekufa. Nikamuuliza ipi. Akasema, "Ile yako."

Nikaenda, nikajibanza ukutani maboksi yapite. Ile ile. Windows XP, kisanduku cheupe kilichogeuka rangi ya chai, na juu yake kalenda ya 2009. Waliitumia Visual Basic yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyewaambia imekufa. Ilikuwa imekufa pawasapulai tu, kile kisanduku cha kuigawia umeme. Niliitoa diski nikaichomeka kwenye laptopu yangu, na faili la Access likafunguka bila ubishi. Majedwali niliyapa majina ya Kiswahili wakati ule, kwa sababu sikuwa najua kwamba watu wa kazi hawafanyi hivyo: bidhaa, mauzo, wadeni. Kijana aliyekuja kunisaidia, ambaye hajawahi kuiona Visual Basic maishani, aliyasoma akaelewa duka zima kwa dakika kumi, na data tukaihamishia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL mchana ule ule.

Mstari wa kwanza kabisa kwenye jedwali la wadeni ni wa Novemba 2003. Katoni mbili za sabuni. Mtoto wa mzee akausoma, akacheka, akasema huyo bwana anamjua, ana duka lake mwenyewe sasa, mlango wa nne kushoto. Tukatoka tukaenda kumdai.

Asanteni sana. Mwenyekiti, kama muda upo, naomba maswali yaanzie kule nyuma kwa waliosimama.